Steinmetz, mtu aliyepima ukaidi wa chuma

Tangu nguzo za umeme zianze kufika vijiji vya huku kwetu, kuna swali ambalo haliishi kwenye simu za wasikilizaji wetu. Mtu amelala karibu na nguzo yenye transfoma. Ni usiku wa manane, taa zimezimwa, mashine ya kusaga imefungwa tangu magharibi, redio nazo zimenyamaza, lakini lile dude pale juu linaendelea kuvuma. Wapo wanaouliza kama linakaribia kulipuka. Wapo wanaouliza swali la maana zaidi: kama hakuna anayetumia umeme saa hizo, linafanya kazi gani?

Hewani tuna dakika chache, tukajibu kwa kifupi kwamba ni chuma kinachogeuzwageuzwa na sumaku. Jibu hilo liliwaacha wengi njiani. Kwa hiyo leo tunalirudia kwa maandishi, uweze kulisoma polepole kwenye simu yako, na tunalipitia kwa njia ya maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Charles Proteus Steinmetz. Huyu ndiye aliyewaonyesha mafundi wa dunia namna ya kuhesabu kiasi cha umeme ambacho chuma kinakula bure.

Tuanze na sanduku lenyewe. Ndani ya transfoma, ukiacha mafuta ya kupoza, kuna vitu viwili vya msingi: nyaya zilizosokotwa, na chuma. Nyaya ziko mafungu mawili na hazigusani. Umeme wenye nguvu kubwa kutoka njia kuu unaingia kwenye fungu la kwanza na kukifanya kile chuma kiwe sumaku. Sumaku hiyo nayo inaamsha umeme kwenye fungu la pili, safari hii ukiwa umepunguzwa hadi kiwango kinachofaa nyumbani. Lakini umeme wetu ni wa mkondo geu. Unakwenda huku na kurudi huku mara 50 kwa kila sekunde. Kwa hiyo sumaku iliyomo ndani ya chuma nayo inageuzwa mbele nyuma, mageuzo 100 kwa sekunde moja, mchana na usiku, awepo anayetumia au asiwepo. Kila inapogeuka, chuma kinanyooka na kusinyaa kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Sikio ndilo linaloona. Ule mvumo ndio huo.

Pamoja na mvumo kuna hasara. Aliyelima kwa plau atatuelewa haraka. Ng'ombe wanapokokota moja kwa moja, kazi inaonekana nyuma yako. Taabu iko mwisho wa shamba, pale pa kugeuza. Ng'ombe aliyefundishwa anageuka kwa kuitwa tu. Mkaidi anakutoa jasho, na jasho hilo halijaongeza hata tuta moja. Chuma nacho ni hivyo. Ukikifanya kiwe sumaku upande mmoja kisha ukataka kukigeuza, hakikubali mara moja. Kinabaki nyuma, kinashikilia upande wa zamani, na nguvu unayoitumia kukilazimisha inageuka joto. Wataalamu wanauita ukaidi huu histeresisi. Jina hilo lilitolewa mapema miaka ya 1880 na James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, Japani, wakati huo. Ewing alipima sana, akajaza majedwali ya namba. Namba hizo zilikaa miaka kadhaa bila mtu kuona kanuni iliyomo ndani yake.

Aliyeiona alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa chini ya Prussia. Siku hizi mji huo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alipewa jina Karl August Rudolf Steinmetz. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga, akalelewa na bibi. Alizaliwa na mgongo uliopinda pamoja na ulemavu wa nyonga, kama baba yake, na kama babu yake kabla ya hapo. Alipokua mtu mzima kimo chake kilikuwa kama futi 4, kichwa kikubwa, mabega yameinuka, na alitembea kwa kuyumba.

Hapa tuseme jambo moja la kwetu. Tumewahi kufika nyumba moja kurekodi kipindi cha kilimo, tukamwona mtoto mwenye mgongo wa namna hiyo akiambiwa aingie ndani kabla wageni hawajakaa. Siku ile hatukusema kitu. Katika nyumba ya kina Steinmetz, mtoto hakufichwa. Baba alimpeleka shule, akamnunulia vitabu, akamwacha afanye majaribio yake nyumbani. Inasimuliwa kwamba alipomaliza sekondari alinunua suti rasmi kwa ajili ya mtihani wa mdomo mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi. Kisha likatoka tangazo kwamba yeye amesamehewa mtihani huo kwa sababu alama zake zilikuwa za juu mno. Yeye aliamini kwamba walimu waliona haya kumsimamisha jukwaani. Nani alikuwa sahihi, yeye au lile tangazo, haijulikani. Wanaosimulia habari zake wanasema hakuvaa tena suti ya namna ile.

Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau. Alisoma hisabati, fizikia, kemia, unajimu wa kisayansi, kila alichokikuta. Wanafunzi wenzake wakamtania kwa jina la Proteus, mzee wa baharini katika ngano za Wagiriki ambaye anajibadilisha maumbo na anajua siri nyingi. Hakulikasirikia. Baadaye alilifanya jina lake halali.

Kilichomharibia Breslau ni siasa. Steinmetz alijiunga na wanafunzi wa kisoshalisti wakati ambapo Kansela Otto von Bismarck alikuwa amepiga marufuku vyama na magazeti yao kwa sheria ya mwaka 1878. Ndiye Bismarck huyuhuyu aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ule tuliousoma shuleni katika somo la historia. Steinmetz alishiriki kuhariri gazeti la wasoshalisti. Mwaka 1888 polisi walikuwa karibu kumkamata. Tasnifu yake ya shahada ya udaktari ilikuwa imekwisha kuandikwa, alibakiza kukabidhiwa shahada tu. Akaiacha. Akavuka mpaka, akaishia Zürich, Uswisi.

Huko alichangia chumba na mwanafunzi mwenye asili ya Denmark aliyeitwa Oscar Asmussen, aliyekuwa na ndugu Marekani. Asmussen alipoamua kurudi Marekani alimchukua na mwenzake, na nauli ya daraja la chini melini akalipa yeye. Walifika New York mwanzoni mwa Juni 1889.

Bandarini walipokelewa mahali palipoitwa Castle Garden, ndipo wahamiaji walipokaguliwa wakati huo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 iliwaruhusu maofisa kumzuia mtu yeyote aliyeonekana hawezi kujitunza na atakuwa mzigo kwa serikali. Sasa fikiria kilichosimama mbele ya meza yao: kijana wa miaka 24, mfupi, mgongo umepinda, uso umevimba kwa baridi ya safari, mfukoni hana kitu, Kiingereza hajui. Vitabu vya maisha yake vinaeleza kwamba walikuwa tayari kumrudisha. Asmussen akaingilia kati, akaonyesha fedha, akaahidi kwamba rafiki yake hatakuwa mzigo wa mtu. Wakamwachia apite.

Tumelisoma tukio hilo mara nyingi na kila mara linatusimamisha. Yule ofisa hakuwa mtu mbaya. Alitumia macho, na macho yalimwambia kile ambacho macho huwaambia watu wengi. Kama Asmussen angekuwa na homa siku ile, au angekuwa mbele kwenye foleni, meli ingemrudisha Steinmetz alikotoka.

Baada ya wiki chache Steinmetz alipata kazi Yonkers, kaskazini mwa New York, kwa Rudolf Eickemeyer. Mzee huyu naye alikuwa Mjerumani aliyekimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa, kwa hiyo wakimbizi aliwaelewa. Kiwanda chake kilitengeneza mashine za kushonea kofia, lakini moyo wake ulikuwa umehamia kwenye mota za umeme. Alimwajiri kijana huyu kama mchoraji wa ramani za mashine, dola 12 kwa wiki. Haukupita muda akaona kwamba amempa kijana kalamu wakati alistahili kupewa maabara. Akampa maabara.

Nyakati hizo utengenezaji wa mashine za umeme ulikuwa kama kupika bila kuonja. Fundi alikata chuma, akasokota waya, akawasha. Mashine ikichemka kupita kiasi, aliivunja na kuanza upya. Fedha nyingi ziliungua hivyo. Hasara ndani ya chuma ilijulikana kwamba ipo, lakini hakuna aliyeweza kukaa mezani na karatasi akasema kabla mashine haijajengwa: chuma hiki, cha uzito huu, kikifanywa sumaku kwa nguvu hii, kitakula kiasi hiki.

Steinmetz alichukua namba za Ewing, akazipanga, akatafuta uhusiano. Kisha akapima mwenyewe, chuma cha aina moja baada ya nyingine, kwa mamia ya vipimo. Alichokiona ni hiki. Ukiongeza nguvu ya sumaku ndani ya chuma mara 2, hasara ya kila mgeuzo haiongezeki mara 2, wala mara 4. Inaongezeka kama mara 3. Kwa lugha ya hesabu, hasara inafuata nguvu ya sumaku iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.6. Halafu kila aina ya chuma ina namba yake ya kuzidishia, namba ya ukaidi wake. Chuma laini kilichochomwa na kupozwa polepole kina namba ndogo. Feleji ngumu, ile inayofaa kutengeneza sumaku za kudumu, ina namba kubwa mara kumi na zaidi.

Hapo ndipo palipo na siri ambayo mafundi wengi wa mtaani wanaijua kwa mikono bila kuambiwa jina lake. Chuma kinachoshika usumaku vizuri hakifai kwenye transfoma, na chuma kinachofaa kwenye transfoma hakifai kuwa sumaku ya spika. Kimoja tunakitaka kisahau, kingine tunakitaka kikumbuke.

Matokeo hayo aliyaeleza kwa kirefu Januari 1892 mbele ya chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani, kisha akarudi na vipimo zaidi mwaka huohuo. Alikuwa na miaka 26, amekaa nchini humo chini ya miaka 3. Alitenganisha pia hasara ya pili iliyojificha ndani ya chuma hichohicho: mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha joto. Dawa ya hiyo ilikuwa imeanza kutumika, nayo ni kutotumia kipande kimoja kinene cha chuma bali mabamba membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, kila moja limetengwa na jirani yake ili mikondo isivuke. Ukiona transfoma mbovu imefunguliwa kwa fundi, utayaona mabamba hayo. Mengi ni membamba kuliko nusu milimita.

Mwaka huohuo wa 1892 ilizaliwa kampuni ya General Electric. Kampuni hiyo ilinunua kiwanda cha Eickemeyer, na pamoja na hati zake za uvumbuzi ikampata Steinmetz. Alikaa kwa muda Lynn, Massachusetts, kisha mwaka 1894 akahamia Schenectady katika jimbo la New York, na huko alibaki mpaka mwisho. Alipochukua uraia akawa Charles badala ya Karl, na Proteus akaliweka katikati.

Kazi yake nyingine kubwa tutaigusa tu, maana inahitaji ubao na chaki. Mwaka 1893 alionyesha njia ya kufanya hesabu za mkondo geu kwa kutumia namba za namna ya pekee, zile wanafunzi wa kidato cha juu wanaoziita namba changamano. Hesabu iliyochukua kurasa nyingi ikaingia katika mistari michache. Wahandisi wengi wa wakati huo hawakumwelewa. Mwaka 1897 alitoa kitabu, wakazidi kutomwelewa, ikabidi aandike vitabu vingine vya kufafanua. Leo kila mwanafunzi wa umeme, awe Dar es Salaam au Nairobi, anaanza na njia hiyo.

Turudi kwenye chuma, kwa sababu kanuni ya Steinmetz ilifungua mashindano. Ukishaweza kukipa kila chuma namba ya ukaidi wake, unaweza kuuliza: nani ataleta chuma chenye namba ndogo zaidi? Jibu lilitoka ng'ambo ya pili ya bahari. Robert Hadfield, mwenye kiwanda cha feleji mjini Sheffield, Uingereza, alikuwa na mazoea ya kuchanganya chuma na vitu vingine kuona kitakachotokea. Aliwapelekea William Barrett na W. Brown huko Dublin sampuli nyingi wazipime kwa sumaku, na mwaka 1900 wakatangaza matokeo. Chuma kilichochanganywa na silikoni kidogo, asilimia 2 au 3 hivi, kiligeuka kwa urahisi kuliko chuma cha kawaida. Silikoni ni kitu ambacho kimo kwa wingi ndani ya mchanga tunaoukanyaga. Mchanganyiko huo pia ulizuia ile mikondo midogo ya ndani. Na ulitibu ugonjwa wa tatu: chuma cha zamani kilikuwa kinachakaa kwa joto, hasara ikiongezeka mwezi baada ya mwezi, transfoma ikizeeka kabla ya wakati. Chenye silikoni hakikuzeeka hivyo. Ndani ya miaka michache viwanda vikaanza kukitengeneza kwa ajili ya transfoma.

Kwa mwanakijiji hili si jambo dogo. Transfoma ya kadiri inayolisha kijiji inaweza kula wati 200 ndani ya chuma chake muda wote, hata kama nyumba zote zimezima. Zidisha kwa saa 24 upate yuniti 4.8 kwa siku. Kwa mwaka ni yuniti 1,752. Zidisha tena kwa transfoma zote za nchi. Hakuna mita ya nyumbani inayozisoma yuniti hizo, lakini maji yameshuka bwawani au gesi imechomwa kuzizalisha. Chuma kikiwa kibaya, kiasi hicho kinapanda, joto linapanda, mafuta yanachakaa, na siku moja mnakaa gizani. Mhandisi anayenunua transfoma leo bado anauliza hasara ya chuma kabla ya bei, au anapaswa kuuliza. Namba ya 1.6 yenyewe si amri kwa kila chuma. Vyuma vya kisasa vina vipeo vyao. Lakini namna ya kuhesabu imebaki ileile ya Steinmetz.

Nyumbani kwake kulikuwa na mambo. Alifuga mamba wadogo wa Kimarekani, kunguru, na mjusi mmoja mkubwa mwenye sumu, na akajenga banda la kioo la kupandia dungusi kakati. Lakini hakuoa. Alikuwa ameamua tangu ujanani kwamba ulemavu uliopita kwa babu, kwa baba, na kwake, usipite zaidi. Uamuzi huo ni wake na hatuuhukumu, ingawa tunaona uchungu uliomo ndani yake kwa mtu aliyependa watoto kiasi kile.

Alikuwa na msaidizi wa maabara, kijana aliyeitwa Joseph LeRoy Hayden. Kijana alipooa, Steinmetz aliwakaribisha yeye na mkewe Corinne waishi katika nyumba yake kubwa. Corinne alikubali, akaweka utaratibu: chakula cha jioni ni saa yake, na wanaume wawili wa maabara waache kazi waje mezani. Mwaka 1905 Steinmetz alimfanya Hayden kuwa mwanawe kisheria. Wakazaliwa watoto watatu, na mtu aliyekuwa amejikatalia uzao akawa babu wa nyumba yenye kelele. Aliwasimulia ngano, akawafanyia mazingaombwe ya moto na umeme, akawafundisha hesabu. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo tunayoipenda zaidi, kuliko hata hati zake za uvumbuzi karibu 200.

Usoshalisti hakuuacha. Huyu mtu aliyekuwa nguzo ya mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote za Marekani aliendelea kuwa mwanachama wa chama kilichotaka kampuni kubwa ziwe mali ya umma. Wengine waliona hapo kuna mkanganyiko, nasi tunaona haukuisha kamwe. Schenectady ilipomchagua meya msoshalisti mwaka 1911, George Lunn, Steinmetz aliingia kwenye bodi ya elimu ya mji akawa mwenyekiti wake, na baadaye akaongoza baraza la mji. Alipigania madarasa zaidi, kwa kuwa watoto wengi walikuwa wanabanana au kusoma kwa zamu. Alitaka madarasa maalumu kwa watoto wa wahamiaji wasiojua Kiingereza na kwa watoto wenye matatizo ya afya. Yeye mwenyewe alikuwa amekuwa wa namna zote mbili. Tangu 1902 alikuwa pia anafundisha umeme katika Union College ya mji huohuo. Mwaka 1922 alimwandikia Lenin akijitolea kusaidia mpango wa kusambaza umeme Urusi, na Lenin akamjibu. Mwaka huohuo aligombea uhandisi mkuu wa jimbo la New York, akashindwa.

Miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na radi. Alikuwa na kibanda cha mapumziko kando ya mto nje ya mji, ambako alipenda kufanya hesabu ndani ya mtumbwi, ubao umelazwa mbele yake kama meza, mtumbwi ukichukuliwa na maji. Kibanda hicho kilipigwa na radi. Mtu mwingine angelia hasara. Yeye alikusanya vipande vya kioo kilichopasuka akaviunganisha tena ili asome njia ambayo umeme ulipita. Sababu ilikuwa ya kikazi. Radi ikipiga njia ya umeme, inakimbilia transfoma na kuichoma nyaya zake, na sisi wa maeneo ya mvua kubwa tunalijua hilo bila kuambiwa. Mwaka 1922, ndani ya maabara Schenectady, alitengeneza radi ya kubuni yenye volti zaidi ya 100,000, ikapasua vipande vya mti mbele ya waandishi wa habari. Lengo lilikuwa kujaribu vizuia radi, vile vifaa vidogo unavyoviona vimefungwa kwenye nguzo jirani na transfoma, kabla radi ya kweli haijavijaribu.

Msikilizaji anayemjua Steinmetz pengine amemjua kwa kisa cha chaki. Husimuliwa kwamba Henry Ford alimwita aangalie jenereta lililosumbua kiwandani kwake, kwamba Steinmetz alilisikiliza, akaweka alama ya chaki ubavuni na kuwaambia wafungue hapo, kisha akadai dola 10,000: dola 1 ya kuweka alama na 9,999 za kujua pa kuiweka. Ni kisa kitamu na tumekitumia hewani. Ila husimuliwa pia kwa mafundi wengine wengi, kwa hiyo kichukue kama ngano.

Msimu wa kiangazi na mapukutiko wa 1923 alisafiri na familia ya Hayden hadi pwani ya magharibi ya Marekani, akihutubia watu mji kwa mji. Alirudi Schenectady amechoka sana, akaambiwa apumzike. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba alifariki kitandani kwake, moyo umesimama, akiwa na miaka 58. Miaka 11 baadaye, Mmarekani Norman Goss alipata hati ya uvumbuzi wa namna ya kukandamiza mabamba ya chuma chenye silikoni ili chembe zake zote zilale upande mmoja, na ukaidi ukashuka tena. Chuma cha namna hiyo ndicho kimo katika transfoma nyingi za leo, pamoja na hiyo inayovuma karibu na dirisha lako.

Nyumba yake mjini ilibomolewa, mahali pake pakawa bustani. Kibanda cha mtoni kilinunuliwa na Henry Ford, kikahamishiwa kwenye makumbusho yake huko Dearborn, Michigan, na kipo hapo mpaka leo.